Maziwa ya Mama Wawili na Kopo Moja

Katika karakana moja ya kushona sare za shule, ambako vyerehani vilipangwa mistari miwili vikitazamana kama watu waliogombana, palikuwa na fundi mmoja wa kike, mdogo wa umbo, aliyeitwa Kifungo. Jina hilo alilipata alipoanza kazi. Fundi mkuu hakumwamini na cherehani, akampa sindano na kikapu cha vifungo, akamwambia akae pembeni. Akatia vifungo siku nenda siku rudi, hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Baadaye akawa fundi kamili wa kushona kola zinazosimama zenyewe, lakini jina lilikuwa limeshanata. Siku aliposhikwa na uchungu, mumewe alipiga simu karakana akasema, "Kifungo anakwenda kujifungua," na mafundi wakacheka mpaka wakasimamisha mashine. Walipomaliza kucheka, wakamwombea.

Mumewe alikuwa fundi rangi, mrefu, mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye nyusi, na kila mtu alimwita Rangi. Wawili hao walikuwa wamemngoja mtoto kwa miaka. Kwa hiyo mtoto wa kiume alipozaliwa, akilia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, Rangi alikaa kwenye benchi la nje na kulia naye.

Kifungo hakukaa na mwanawe sana. Alimpakata, akamnyonyesha dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, akamwangalia vidole kimoja kimoja. Kesho yake homa ikampanda. Ilikuwa homa ya uzazi, ile inayoingia kwa mlango wa nyuma wakati watu wanashangilia mlango wa mbele. Damu nayo ikakataa kukatika. Akapelekwa hospitali kubwa, akapasuliwa, akalazwa chumba ambacho watoto hawaruhusiwi kuingia. Kabla fahamu hazijampotea, alisikia sauti ya dada yake kwenye korido, ikisema kwa ule uzito wake wa kutotaka kubishiwa, "Huyo mtoto nipeni mimi."

Dada yake alikuwa mwoka mikate. Alikuwa mwanamke mpana, mikono imezoea kukanda, sauti imezoea kushindana na ngurumo za tanuri. Wakati huo alikuwa nyumbani akilea binti yake wa miezi michache, mtoto mnene mwenye mikunjo ya nyama kwenye mapaja, ambaye nyumba nzima ilimwita Bonge. Mwoka mikate alikuwa ananyonyesha, na kwake hesabu ilikuwa nyepesi: maziwa yapo, mtoto yupo, maneno ya nini?

Muuguzi wa kliniki alimwambia maneno yapo. "Kwanza nikupime damu. Maziwa hayagawiwi kwa kukisia." Akapimwa, majibu yakatoka mazuri, na tangu siku hiyo watoto wawili wakawa wanalala kwenye kifua kimoja. Rangi alikataa kumpa mtoto jina kabla mama yake hajarudi, basi shemeji yake akaamua kwamba kwa sasa ataitwa Mgeni.

Tatizo la Mgeni lilikuwa kwamba mwenyeji wake alikuwa Bonge. Bonge alinyonya kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo, na alipomaliza hakuacha kitu cha kusimulia. Mwoka mikate alikula, akanywa maji na uji, akajitahidi, lakini kila Mgeni alipowekwa kwenye mizani, muuguzi alikunja uso. Mwishowe akasema wazi, "Mama, unafanya kazi kubwa, na usiache. Lakini huyu anahitaji nyongeza. Mnyonyeshe kwanza, kisha mwongezee maziwa ya kopo." Akamwita na Rangi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akawafundisha wote wawili namna ya kuandaa chupa.

Haya yote Kifungo aliyajua kitandani, baada ya homa kushuka na akili kurudi. Rangi alikuja akakaa kwenye kiti cha chuma karibu na dirisha, akamsimulia kwa lugha yake ya kazi.

"Ni kama kuchanganya rangi, mke wangu. Ukizidisha maji haishiki ukutani. Ukizidisha unga inapasuka. Kopo lenyewe linakuambia kipimo, nawe unatii."

"Unanawa mikono?"

"Nanawa mpaka kwenye viwiko. Dada yako amenipa brashi ya kucha. Mara ya kwanza aliniambia nikishika ile chupa na rangi ya bluu mkononi atanipaka mimi."

Kifungo alicheka, mshono ukamuuma, akaacha kucheka. Kisha akauliza lile lililokuwa moyoni. "Ananitafuta?"

Rangi alitazama vidole vyake. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Bado mdogo, hajui kutafuta. Ananyonya, analala, anakua. Hilo ndilo la kushukuru kwa sasa."

Naye Kifungo alishukuru kwa ulimi, ingawa moyo haukuwa umefika huko.

Alipotoka hospitali alipelekwa moja kwa moja nyumbani kwa dada yake, vyumba viwili vyenye harufu ya hamira na sabuni ya mtoto. Juu ya meza ndogo palikuwa na chupa zimefunikwa kitambaa cheupe, na kando yake sufuria ambayo haikuruhusiwa kupikiwa kitu kingine. Kifungo aliketi kwenye mkeka, akaegemezwa mito, akaletewa mwanawe. Alikuwa ameota wakati huo tangu alipofungua macho. Mgeni alimwangalia, akakunja midomo, akalia. Akambembeleza, akamwimbia, akambadilisha bega. Mtoto akazidi, uso ukawa mwekundu, shingo ikawa inageukia upande ilikotoka sauti ya mama yake mkubwa. Mwoka mikate alijizuia kwa muda, kisha akashindwa. Alimchukua, akampa titi, na kilio kikakatika papo hapo.

"Amezoea harufu tu, mdogo wangu," alisema bila kumtazama Kifungo usoni. "Mpe muda."

Kifungo akaitikia kwa kichwa. Kifua chake kilikuwa kikavu. Hospitali walimwambia kwamba damu aliyopoteza na ugonjwa ule vingeweza kuwa vimeondoka na maziwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema watu, lakini siku hiyo aliona kwamba uchungu ulikuwa wake na mwana alikuwa wa mwingine.

Kilichobaki kwake kilikuwa chupa. Baada ya kunyonya kwa mama yake mkubwa, Mgeni alipewa nyongeza, na hapo dada yake alimwachia Kifungo nafasi. Akamfundisha pole pole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kukanda unga.

"Chupa na chuchu yake vioshe kwa sabuni na brashi, kisha vichemke. Maji nayo yachemke, uyaache kidogo, lakini usiyangoje yapoe kabisa. Ule unga wa kopo hauna uhai wa kuonekana, lakini unaweza kuwa na vijidudu, na maji ya moto ndiyo yanaviua. Tia maji kwanza. Kijiko kikijaa, pitisha mgongo wa kisu juu, kisiwe na kilima. Funga, tikisa, kisha ipoze chupa kwenye bakuli la maji baridi."

"Halafu natonesha kwenye kifundo cha mkono."

"Eeh. Isikuchome. Akimaliza, kilichobaki mwaga. Hata kama ni kingi. Usikionee huruma."

Kifungo alimpakata mwanawe ameinuka kidogo, akampa chupa, na mtoto akanywa akiwa amemkazia macho. Zilikuwa dakika chache, lakini zilikuwa zake. Alianza kuzingoja kama mtu anayengoja mshahara. Na kila zilipokwisha, alianza kuchukia kile kilichotangulia, lile titi la dada yake. Hakulisema neno hilo. Hata kwa Rangi hakulisema.

Ndipo akaja Redio.

Redio alikuwa jirani wa mwoka mikate, mama mwenye moyo mzuri, ila hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuja kumwona mgonjwa, akaleta ndizi mbivu, akakaa. Mwoka mikate alikuwa amekwenda kuanika nepi. Redio akatazama chupa, akatikisa kichwa.

"Mnamnyonyesha na mnampa na kopo?"

"Ndivyo tulivyoambiwa kliniki."

"Mwanangu, maziwa mawili hayakai tumbo moja. Yanagombana. Haya yanaganda juu ya yale. Chagueni moja. Na kama mama mwenyewe hana," akashusha sauti kwa heshima, "basi ni kopo tu. Angalau mtoto atamjua anayemlisha."

Maneno hayo yalimwingia Kifungo kama maji kwenye mchanga. Yangekuwa yametoka kwa mtu mwingine kuhusu jambo jingine, angeyapima. Lakini haya yalimpa kile alichokuwa anakitamani na aibu ilimzuia kukiomba. Ikiwa kuchanganya kunadhuru, basi si wivu, ni malezi.

Siku mbili tatu baadaye akamwambia dada yake kwamba amepata nguvu na anataka kurudi kwake.

Mwoka mikate alikuwa anamfunga Bonge mgongoni. Akasimama na kanga mkononi. "Nguvu gani? Jana umeshindwa kufungua mtungi wa maji."

"Nyumba imekaa peke yake sana, dada."

"Nitakuja asubuhi na jioni nimnyonyeshe?"

"Tutaona," alisema Kifungo.

Dada yake alikuwa na maneno mengi, mtu yeyote aliyemjua angeapa hivyo, lakini akayameza. Alifungasha kopo la maziwa, chupa, brashi, na ile sufuria, akavibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwa mdogo wake, akarudi kwake na titi limejaa.

Nyumbani kwa Kifungo palikuwa na chumba kimoja kikubwa, kuta zimepakwa kila rangi iliyowahi kubaki kwenye ndoo za mumewe. Rangi alipata kazi ya kupaka jengo la ghorofa, akawa anaondoka mapema na kurudi akiwa hoi. Kabla ya kutoka alisema, "Nimuite shemeji?" Kifungo akasema hapana. Mwanzoni alifuata kila alichofundishwa. Lakini alikuwa mgonjwa bado, ingawa hakutaka kukiri. Kusimama jikoni kulimzungusha kichwa. Kuinua sufuria ya maji ya moto kulimvuta mshono. Na mtoto wa kopo peke yake, bila titi la kumtuliza katikati, alikuwa analia akitaka chupa wakati ambapo chupa bado haijaoshwa.

Akatafuta njia ya mkato. Asubuhi, akiwa bado na nguvu, alichanganya chupa zote za siku kwa mpigo, akazifunga kwa taulo nzito ndani ya kikapu zikae na uvuguvugu. Mtoto akilia, chupa iko tayari. Akiacha nusu, nusu hiyo ilingoja kilio kinachofuata, maana moyo wa mtu aliyelelewa kwa shida haukubali kumwaga maziwa. Kwa macho yake aliona amepata ufumbuzi. Hata alijisifu kidogo.

Haukupita muda, Mgeni akaanza kuharisha. Kwanza ilikuwa kidogo, Kifungo akaona ni tumbo la mtoto tu. Kisha ikawa maji matupu. Mchana ule alipombadilisha nepi aliona macho ya mtoto yameingia ndani, na midomo imekauka, na kilio chake kimekuwa chembamba kama uzi. Hakungoja Rangi. Alijifunga kanga, akambeba, akatoka bila kufunga mlango. Akiwa njiani alimpigia dada yake simu. Alisema neno moja tu, "Kliniki."

Muuguzi alimpokea mtoto mikononi kabla hajauliza jina. Akamtazama macho, akambana ngozi ya tumbo, akaanza kumpa maji ya chumvi na sukari ya hospitali kwa kijiko, funda kwa funda. Kazi ilipotulia, ndipo akamgeukia mama.

"Niambie anavyokula. Tangu mwanzo, na usiniogope."

Kifungo akamwambia yote, kikapu, taulo, na nusu zilizobaki. Akamwambia na habari ya maziwa kugombana tumboni.

Muuguzi hakupandisha sauti. "Tumbo halina mlango wa maziwa ya mama na mlango wa maziwa ya kopo. Yakiingia yanakuwa chakula. Watoto wengi wanakula hivyo na wananawiri. Kilichomuumiza ni ule uvuguvugu. Maziwa yakikaa vuguvugu, vijidudu vinazaana humo kama chachu kwenye donge. Chupa inatengenezwa pale mtoto anapoihitaji. Akishaitia mdomoni na kuiacha, imekwisha kazi."

"Nilijua," alisema Kifungo. "Dada alinifundisha. Nilichoka."

"Umetoka kitandani juzi. Nani alikuambia ufanye peke yako?"

Mwoka mikate alikuwa ameshaingia. Alikuwa amekuja kwa miguu, jasho linamtiririka, Bonge anaruka mgongoni kama mzigo wenye furaha. Hakuuliza nani kakosea. Alimwangalia muuguzi tu. "Naweza?"

"Tena sana. Titi ndilo dawa yake ya kwanza sasa hivi."

Mwoka mikate akaketi, akafungua vifungo vya blauzi, akamchukua Mgeni. Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya kwa pupa. Alinyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena. Kifungo alitazama koo dogo likimeza. Wivu aliokuwa ameulea wiki nzima aliutafuta hakuuona. Alichokiona ni kwamba mwanawe anameza.

"Dada," alisema, "nilikuonea wivu."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mdogo wangu, mimi ningekuwa mahali pako ningemng'ata huyo dada." Akamweka mtoto vizuri mkononi. "Haya, nifute jasho huku, linaingia machoni na mikono haipo."

Kifungo akamfuta kwa ncha ya kanga yake, wote wawili wakawa wanacheka na kulia, na Bonge akacheka nao bila kujua kisa.

Mtoto alilazwa kwa uangalizi, akapona. Siku walipokuwa wanaruhusiwa, muuguzi alimwita Kifungo pembeni, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza. "Unataka kujaribu kumnyonyesha mwenyewe?"

"Sina kitu."

"Sikukuuliza kama unacho. Titi halihifadhi maziwa kama pipa, linatengeneza linapoombwa. Lako halijaombwa tangu ulipougua. Siwezi kukuahidi kwamba yatatosha. Huenda yasitoshe. Lakini tujaribu kuliomba."

Akamwonyesha kimpira chembamba, laini, chenye upana wa uzi mnene. Ncha moja inaingia kwenye kikombe cha maziwa, na ncha nyingine inabandikwa kwa plasta juu ya titi, ifike sawa na chuchu. Mtoto anaponyonya titi, maziwa ya kikombeni yanapanda kwenye kimpira na kumwingia mdomoni. Hivyo hachoki wala hakasiriki, na titi nalo linapata kunyonywa.

"Ni kumdanganya mtoto?" aliuliza Kifungo.

"Ni kulikumbusha titi," alisema muuguzi. "Na kimpira nacho kichemshwe, na kikombe pia. Hapo hatubembelezani."

Wakarudi kwa mwoka mikate, safari hii Rangi naye akahamia na godoro lake. Kazi ikagawanywa bila mkutano. Rangi alichemsha maji, vikombe na kimpira kabla ya kwenda kwenye jengo lake na baada ya kurudi. Mwoka mikate alinyonyesha, kisha akakamua maziwa yake kidogo kwenye kikombe. Yakipungua, kikombe kilichofuata kilikuwa cha kopo, kimetengenezwa muda huohuo, kwa kipimo, bila kilima. Na Kifungo aliketi, kimpira kimebandikwa, akamweka mwanawe kifuani.

Mara ya kwanza Mgeni alikataa, akageuza shingo. Mara nyingine kimpira kilichomoka, maziwa yakamwagika kwenye magoti ya Rangi aliyekuwa ameshika kikombe. "Hata rangi haijawahi kunimwagikia hivi," alisema, akaenda kutengeneza mengine. Kisha siku moja mtoto alifungua kinywa, akashika, akanyonya. Alinyonya kwenye titi la mama yake maziwa ya mama yake mkubwa, na Kifungo hakuona ajabu wala aibu. Alihisi mvuto ule aliousahau tangu siku ya dang'a. Akafumba macho.

Redio alipita akaona, akashangaa mpaka akanyamaza, jambo ambalo mtaa uliliongelea. Kifungo alimweleza kwa upole yale aliyoambiwa kliniki. Redio alisikiliza, akakuna kichwa. "Kumbe nilikupoteza, mwanangu. Nisamehe. Mimi nilisikia kwa mtu." Tangu hapo akawa analeta kuni na kuchota maji, na akitoka hapo anaeneza habari za kuchemsha chupa kwa nguvu ileile aliyoenezea zile za kwanza.

Siku zikaenda bila dalili. Kifungo alijikamua baada ya kunyonyesha, kama alivyoelekezwa, hapakutoka kitu. Aliambiwa haba na haba hujaza kibaba, naye akajibu kwamba haba yenyewe haijaja. Kuna siku alitaka kuacha. Dada yake hakumshawishi. Alimwekea tu kikombe mbele na kusema, "Leo tu. Kesho tutaongea kesho."

Ilikuwa alasiri moja, jua limeegemea dirishani, Bonge anatambaa akifukuza kifuniko cha sufuria. Mgeni alikuwa kifuani kwa mama yake. Mwoka mikate alikuwa ameshika kikombe, na kwa kuwa maongezi yalikuwa matamu, hakukitazama. Alipokitazama aliona kimekauka. Akanyoosha mkono amtoe mtoto, kisha mkono ukasimama hewani.

"Kifungo. Kikombe kimekwisha."

"Basi mtoe, nitamtengenezea mengine."

"Kimekwisha zamani," alisema dada yake. "Naye bado anameza."

Wakainama wote wawili. Koo dogo lilikwenda juu, likashuka. Likatulia. Likaenda tena. Kwenye kona ya mdomo wa mtoto paliponyoka tone moja jeupe, likateremka mpaka kidevuni. Kimpira kilikuwa kitupu, mwanga unapita ndani yake. Kifungo alilipokea tone lile kwa kidole, akalitazama. Mwoka mikate ndiye aliyesema. "Mungu wetu, asante," na sauti yake, ile ya kushindana na tanuri, ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto.

Maziwa ya Kifungo hayakuwahi kuwa mengi. Muuguzi alikuwa amesema kweli. Yalitosha kumtuliza Mgeni anapoamka, yalitosha kumlaza, na katikati palibaki pengo ambalo titi pekee halikuliziba. Pengo hilo likajazwa na kopo. Mwoka mikate naye alipunguza kidogo kidogo, kwa kuwa tanuri lilikuwa linamwita. Mizani ya kliniki ikaacha kumtisha mtu, na muuguzi akawa anamrusha Mgeni juu kidogo kabla ya kumpima, akidai kwamba ni utaratibu wa serikali.

Wakati wa kurudi karakana ulipofika, fundi mkuu, yule wa vifungo, alimwondolea Kifungo marobota ya vitambaa kwenye kijistoo, akatia pazia na kiti, ili akikamua maziwa asitazamwe. Alimwonyesha kwa kidevu tu. Kwa zamu za mchana, Rangi akiwa hana kazi ndiye aliyekaa na mtoto, na majirani walizoea kumwona fundi mwenye nyusi za kijani akipitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko kwa uangalifu wa mtu anayechora mstari wa dari.

Jumapili moja Kifungo alimshonea dada yake gauni. Alilishona kwa kitambaa kizuri kuliko vyote alivyowahi kukata, likiwa na nafasi ya kunyonyeshea, mishono imefichwa. Dada yake alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo.

"Hili ni la nini?"

"Ni asante."

"Asante ya nini? Nilimnyonyesha mwanangu. Mimi si mama yake mkubwa?"

"Ndiyo, lakini nataka kusema. Nilipokuwa kule sijitambui, mtoto alikula kwako. Niliporudi na roho mbaya, uliniachia. Alipougua, ulikuja. Yale maziwa yaliyotoka kwangu, wewe ndiye uliyeyaita. Nikikaa bila kusema nitapasuka."

Mwoka mikate alitazama chini, akavuta pindo la gauni ambalo halikuhitaji kuvutwa. "Haya, umesema. Nimepokea." Kisha akakohoa. "Kiunoni limebana."

"Halijabana. Umenenepa."

"Nimenyonyesha wawili, na bado ninanenepa? Hilo nalo ukaushukuru mkate wangu."

Ndani, Mgeni, ambaye jina lake la muda lilikuwa limeshanata kama la mama yake, alianza kuguna. Kifungo alinawa mikono, akaweka maji jikoni yachemke kwa ajili ya nyongeza, kisha akaketi na kumpakata. Titi kwanza. Mtoto akashika bila kutafuta, akaweka kiganja chake kifuani kwa mama yake, na mama yake akakaa hivyo, kichwa kimeegemea ukuta, akisikiliza birika likianza kuimba na dada yake akibishana na kioo.